Maswali Yenu kwa Dada wa Hadubini: Kile Kinyama Walichonikata Kimeenda Wapi?

Safari hii maswali mliyotuma karibu yote yanazunguka kitu kimoja tu, kinyama. Wengine mmechomwa sindano titini, wengine mmesafishwa kizazi, kuna kaka ameambiwa akatwe kwenye korodani na tangu siku hiyo hana usingizi. Nimeyasoma yote nikachagua yale naona yanagusa watu wengi huku kwetu Kusini mwa Tanzania. Mimi kazi yangu ni maabara, kusoma seli na vinyama vya watu, kwa hiyo nitajibu kwa upande huo, mambo ya dawa na oparesheni mtaelewana na daktari wenu. Ila kabla sijaanza niseme kabisa msimamo wangu, kitu chochote kikitolewa kwenye mwili wako kwa sababu ya ugonjwa, kiwe kikubwa kiwe kidogo, kinatakiwa kisomwe na majibu uyapate kwa maandishi. Sio uambiwe mdomoni koridoni "ilikuwa kawaida tu mama, nenda nyumbani".

Dada shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, niko Newala. Nilipata kivimbe titi la kushoto, hakiumi, nikaenda hospitali wakanichoma sindano nene wakatoa vinyama wakaviweka kwenye kichupa chenye maji yananuka sana. Sasa wiki ya tatu hii, kimya. Jirani yangu anasema nimefanya kosa, kansa ikiguswa na chuma inatawanyika mwilini, bora ningekunywa dawa ya mizizi. Je nimejiua mwenyewe?

Marahaba mama. Hujajiua, umefanya kitu cha maana kuliko vyote ulivyoweza kufanya. Haya maneno ya kutawanyika nayasikia kila siku na najua yanapoanzia, mtu anakaa na uvimbe mwaka mzima, miwili, anazunguka kwa waganga, siku anafika hospitali kidonda kimeshatoboka, anakatwa kinyama, miezi michache anafariki, basi mtaani wanahesabu kuanzia siku ya sindano, ile miaka miwili ya nyuma hakuna anayeihesabu. Uwezekano wa sindano kusogeza seli za kansa upo ila ni mdogo mno, na wanawake waliopimwa hivyo hawafi zaidi kwa sababu ya kupimwa. Kinachoua ni kuchelewa.

Na kwanini wasiangalie tu kwa macho au kwa picha? Mama wewe ni mtu wa Newala, korosho unaijua kuliko mimi. Pale ghalani hakuna anayepanga daraja kwa kutazama gunia kwa nje, wanachota sampuli wanazikata wanaangalia ndani, nyeupe ngapi zilizooza ngapi, manake ganda linaweza kuwa zuri kabisa na ndani kumeharibika. Titi nalo ni hivyo hivyo, kuna uvimbe mgumu unatisha kumbe si kansa, na kuna kauvimbe kadogo hakana maumivu, kanajisogelea taratibu, na hako ndo kabaya.

Sasa safari ya kinyama chako. Yale maji yanayonuka ni formalini, inazuia kinyama kisioze na seli zibaki na umbo lake kama zilivyokuwa mwilini. Kikifika maabara kinaandikishwa kinapewa namba, alafu kinapitishwa kwenye spiriti za nguvu tofauti kutoa maji yote, kazi ambayo mara nyingi inaachwa usiku kucha, kisha kinajazwa nta iliyoyeyushwa kwenye joto la nyuzi 60 hivi, kikipoa kinakuwa kibloku kigumu. Hicho kibloku ndo kinakatwa kwa mashine yenye wembe mkali sana, vipande vyembamba vya mikroni 3 hadi 5, yaani ukibandika vipande 250 vya mikroni 4 ndo unapata milimita 1. Vinawekwa kwenye kioo, vinatiwa rangi 2, ya kwanza hematoksilini inayotokana na mti unaoota Amerika ya Kati, hiyo inafanya viini vya seli viwe vya bluu-zambarau, ya pili eosini inafanya sehemu nyingine iwe ya pinki. Hapo sasa daktari wa patholojia anakaa kwenye hadubini anasoma, seli zimejipanga au zimevurugika, viini vimekuwa vikubwa na vya maumbo ya ajabu au la, zimevuka mipaka yake zikaingia kwenye mafuta na mishipa au zimetulia mahali pake. Kazi hii haikimbizwi. Akikuta ni kansa ya titi haishii hapo, vipande vingine vya kibloku hicho hicho vinapimwa vipokezi vya homoni na protini inaitwa HER2, na majibu ya hivyo ndo yanaamua dawa gani itakufaa, kuna wanawake vidonge vya kuzuia homoni vinawasaidia sana na kuna wengine haviwasaidii chochote, ukiwaangalia kwa macho huwezi kuwatofautisha.

Kwa hiyo kuchelewa kidogo kunaelezeka, madaktari wa patholojia nchini bado ni wachache na kinyama mara nyingi kinasafirishwa. Lakini wiki tatu bila neno lolote usikae nyumbani ukasubiri kupigiwa simu. Rudi pale ulipochomwa na kadi yako, uliza kinyama changu kilitumwa wapi, lini, na namba yake ngapi, andika hiyo namba na namba ya simu ya maabara. Usione aibu kuuliza mara mbili mara tatu. Na majibu yanaweza kusema "sampuli haitoshi", hiyo haina maana huna ugonjwa, ina maana urudie. Hata yakisema ni salama na uvimbe ukaendelea kukua, rudi, sindano inaweza kuwa ilipita pembeni.

Dada mambo, mimi kijana wa Nanyamba. Mama ametolewa kizazi kwa sababu ya vivimbe, sasa tumepewa ndoo ndogo yenye kizazi tupeleke wenyewe Dar. Mjomba anasema tuweke barafu isiharibike njiani, mwingine anasema tuongeze maji. Tufanyeje?

Barafu hapana, maji hapana, spiriti ya dukani pia hapana. Kikiganda barafu seli zinapasuka na hapo hakuna atakayesoma kitu, na ukiongeza maji formalini inapungua nguvu. Formalini iwe nyingi, angalau mara 10 ya ukubwa wa kinyama, kiwe kimezama chote. Kizazi kizima ni kinene na formalini inaingia taratibu, milimita 1 kwa saa hivi, kwa hiyo muulize daktari aliyepasua kama amekifungua, kama bado basi mwombe akifungue yeye kabla hamjaondoka, msije mkafungua nyumbani. Jina la mama, tarehe na sehemu kilipotolewa viandikwe kwenye ndoo yenyewe sio kwenye mfuniko, mfuniko ukishatolewa ukawekwa mezani na mifuniko mingine basi. Fomu ya daktari iwe kwenye mfuko mwingine isilowe. Kwenye basi ikae miguuni imefungwa vizuri, mbali na chakula na watoto, ikimwagikia mtu aoshe kwa maji mengi haraka maana inaunguza macho na pua. Na mfike mpeleke siku hiyo hiyo, msilale nayo kwa shangazi Mbagala mpaka Jumatatu.

Vivimbe vya kizazi vingi sana si kansa, lakini "vingi sana" sio "vyote", ndo maana nakusifu kwa kuuliza badala ya kwenda kuvifukia.

Dada pole na kazi. Mimi na mume wangu tuna miaka mitano ya ndoa hatujapata mtoto, tupo Masasi. Mimi nimepimwa altrasaundi, homoni, picha ya mirija mmoja umeziba, mwezi ujao wanataka kinyama cha ndani ya kizazi. Mume wangu hajapimwa hata mara moja, anasema ana mtoto wa nje wa miaka kumi na moja kwa hiyo yeye hana tatizo. Mawifi wameshaanza kumtafutia mke mwingine.

Mdogo wangu pole. Hii barua imeniuma kwa sababu nimekutana na vinyama vya wanawake wa namna yako vingi, mwanamke ameshapitia kila sindano na kila mashine, mwanaume hajatoa hata kikopo. Naomba mumeo asome hapa mwenyewe.

Shemeji, mtoto wa miaka kumi na moja anaonyesha mbegu zako zilivyokuwa wakati ule. Mbegu zinatengenezwa upya kila siku na moja inachukua kama siku 72 hadi 74 mpaka ikamilike, katikati ya miaka hiyo yote mtu anaweza kupata kisonono kisichotibiwa vizuri, homa kali, matubwitubwi ya ukubwani, mishipa kuvimba kwenye korodani, au busha ambalo huku kwetu matende yameliacha kwa wanaume wengi. Kwenye ndoa zinazochelewa kupata mtoto, karibu nusu upande wa mwanaume una mchango. Na kipimo chenyewe hakina sindano. Kaa siku 2 hadi 7 bila tendo, toa kwenye kikopo cha maabara, bila kondomu bila sabuni bila mate, kifike ndani ya saa 1, kiwe karibu na mwili kisipate baridi wala jua. Kama unatoka kijijini mbali ni bora utolee hapo hapo hospitali, wakupe chumba.

Vipimo vya Shirika la Afya Duniani, toleo la 2021, mpaka wa chini ni ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, zinazotembea asilimia 42, na zenye umbo zuri asilimia 4 tu. Hiyo 4 watu wakiiona kwenye karatasi wanazimia, jamani ni kawaida, hata mwanaume mwenye watoto kumi mbegu zake nyingi zina vichwa vya ajabu na mikia miwili. Majibu yakiwa chini usiamue kitu kwa kipimo kimoja, rudia, na kama ulikuwa umeumwa au umebadilisha dawa subiri kama miezi 3.

Narudi kwako mdogo wangu. Kinyama cha ndani ya kizazi mimi nakiunga mkono, hasa kwa kuwa una mrija umeziba. Kitu kimoja kinachojificha ni kifua kikuu cha uzazi, mtu hakohoi, hakondi, hedhi labda imepungua tu, kumbe wadudu wako kwenye mirija na ukuta wa kizazi. Kwenye hadubini tunaona mafungu ya seli za kujilinda yamejikusanya, kuna zile seli kubwa zenye viini vingi vimejipanga nusu duara, tukipaka rangi maalum wakati mwingine tunawaona vijidudu wenyewe vijiti vyekundu. Kinyama kinafaa kichukuliwe siku chache kabla hedhi haijaja, ukiwa na uhakika huna mimba. Na mwambie daktari hivi, kipande kimoja kiende kwenye formalini kwa ajili ya hadubini na kingine kisitiwe formalini ili kipimwe vijidudu wa TB, maana formalini inawaua na ukishaviweka vyote humo nafasi ya kuwaotesha imepotea. Siku hiyo moja, maumivu hayo hayo, majibu mawili. Ila nikwambie ukweli kinyama hakijibu kila kitu, kama yai linatoka au halitoki na kama mrija wa pili unapitisha, hivyo vina vipimo vyake.

Kuhusu mawifi sina dawa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilisema karibu mtu 1 katika 6 duniani anapitia tatizo la kupata mtoto kwa kipindi fulani cha maisha, mko wengi. Mke wa pili akija na tatizo likawa kwa mwanaume, mtakuwa wanawake wawili mnalia ndani ya nyumba moja.

Habari dokta. Nina miaka 34, fundi ujenzi, Tandahimba. Nimepima mbegu mara mbili, sifuri. Daktari anasema nikatwe kinyama kwenye korodani. Kijiweni wanasema ukikatwa huko nguvu za kiume zimekwisha. Na sifuri maana yake sizai kabisa?

Kaka yangu, asante kwa kuandika, wanaume wengi wenye majibu kama yako wanachana karatasi na kunyamaza. Tuanze na kijiweni, nguvu za kiume haziishi kwa kutolewa kipande kidogo kama hicho, korodani yote iliyobaki inaendelea kutoa homoni, madhara ya kawaida ni uvimbe, damu kuvilia, mara chache usaha, na unakaa bila kubeba zege kwa siku ambazo daktari atakupangia.

Sifuri ina aina mbili na ndo sababu ya kukatwa. Aina ya kwanza mbegu zinatengenezwa vizuri ila njia imeziba, labda kwa kisonono cha zamani, TB, au oparesheni ya ngiri. Aina ya pili njia iko wazi ila mbegu hazitengenezwi au zinaishia katikati. Kwenye kikopo zote mbili ni sifuri. Kwenye hadubini ni mbingu na ardhi, kinyama cha korodani kimejaa vijirija vilivyojikunja na kila kijirija kina seli zimejipanga kuanzia changa ukingoni hadi mbegu kamili katikati. Tukikuta zimejaa mpaka mwisho tunajua ni njia imeziba. Tukikuta zimefika hatua fulani zote zimesimama, ni jambo lingine. Na kuna watu tunakuta seli walezi peke yake, zinaitwa seli za Sertoli, za mbegu hakuna hata moja. Tunatoa alama 1 hadi 10, mfumo wa Johnsen wa mwaka 1970, kijirija kwa kijirija, sio kwa jicho la juu juu, kwa sababu hata mtu mwenye vijirija vingi vitupu anaweza kuwa na viwili vitatu vyenye mbegu na kwa huyo hivyo viwili vitatu ndo kila kitu.

Lakini usikatwe kwanza. Hakikisha ile sampuli ilizungushwa kwenye mashine na masalia yake ya chini yakaangaliwa, sio tone moja tu. Kama una sukari mkojo baada ya kumaliza uangaliwe, mbegu zinaweza kuwa zinarudi nyuma kwenye kibofu. Upimwe FSH, homoni inayoamrisha korodani kutengeneza mbegu, daktari apapase kama mirija ya kupitisha mbegu ipo, na kama unadunga zile homoni za kujaza misuli gym au ulishapewa testosteroni kwa ajili ya nguvu, sema, maana hizo zenyewe zinazima mbegu na ukiacha mara nyingi zinarudi. Pia kipimo cha kromosomu kwenye damu, binadamu kwa kawaida ana 46, hesabu hiyo ilijulikana kwa uhakika mwaka 1956 tu, na kuna wanaume kama 1 katika 600 wamezaliwa na X moja ya ziada wanakuwa na 47, anaishi vizuri, anaoa, ana nguvu zake, hajui chochote mpaka siku anatafuta mtoto. Sio laana na sio kosa la mama yake.

Sasa la muhimu ambalo watu hawaulizi. Muulize daktari, mkikuta mbegu siku hiyo mtazihifadhi? Tangu 1992 watoto wanazaliwa kwa mbegu moja kuingizwa ndani ya yai moja maabara, kwa hiyo mbegu chache za korodani zinaweza kutosha. Huduma ni ghali na sio ya kila mji, ndo maana kama una mpango huo ni bora ukatwe sehemu inayoweza kuzigandisha, mara moja, kuliko ukatwe mara mbili. Na kinyama cha korodani kinahifadhiwa vizuri zaidi kwenye dawa inaitwa Bouin kuliko formalini ya kawaida, formalini inazisinyaza zile seli tunazotaka kuzisoma, mkumbushe tu kwa heshima.

Shikamoo dada. Niko Kilwa Masoko. Mimba yangu ya miezi mitatu imetoka, wakanisafisha wakasema ni mimba zabibu, wamepeleka kinyama wakaniambia nisibebe mimba miezi sita na nipime kila wiki. Mama mkwe anasema nimerogwa, mimba ikageuzwa. Je nitakuja kuzaa mtoto wa kawaida?

Marahaba, na pole sana kwa kupotelewa. Hujarogwa. Kinachotokea ni wakati wa kutungwa kabisa, kwenye zabibu kamili yai linakuwa halina urithi wa mama, vyote vinavyoingia ni vya upande wa baba, basi kondo linakua peke yake kwa fujo, yale mavilengelenge, na mtoto hayupo. Kwenye zabibu nusu mara nyingi mbegu mbili zimeingia yai moja, zinakuwa seti 3 za urithi badala ya 2. Kwa macho, hasa mimba ikiwa changa, hizi mbili na mimba iliyotoka kawaida zinafanana sana, hadubini ndo inatenganisha, na ndo maana nasema kinachotolewa wakati wa kusafishwa kisimwagwe.

Kwanini watenganishe? Kwa sababu zabibu kamili inaweza kubaki na kuendelea kukua hata baada ya kusafishwa, kwa wanawake kama 15 hadi 20 katika 100, ile nusu ni wachache sana. Ikibaki inaweza kuwa kansa ikafika mapafuni. Habari njema ni kwamba ni moja ya kansa zinazopona vizuri kabisa kwa dawa, hata zikiwa zimesambaa, na wengi wanazaa baadae. Ila lazima ijulikane mapema, na kinachoijulisha ni ile homoni ya mimba kwenye damu, ndo hiyo unapimwa kila wiki mpaka ishuke kabisa alafu kila mwezi. Ukibeba mimba katikati homoni inapanda na hakuna atakayejua ni mtoto au ni ugonjwa umerudi. Kwa hiyo tumia uzazi wa mpango, usiruke kliniki hata moja hata kama unajisikia mzima, hata msimu wa mashamba. Mimba inayofuata kuwa zabibu tena ni kama 1 katika 100, kwa hiyo ndio, nafasi yako ya kupata mtoto wa kawaida ni kubwa. Mama mkwe muonyeshe ripoti, mwambie imeandikwa na mtu ambaye hakujui wala hajui kijiji chenu.

Mambo dada, mi wa Mtama, nililima mpunga bondeni Lukuledi toka mtoto na kichocho nishaumwa. Sasa natokwa uchafu na damu kidogo baada ya tendo, nimekunywa dawa za magonjwa ya zinaa mara nne haviishi, na mtoto sijapata. Vinahusiana?

Inawezekana sana, na natamani kila mhudumu wa zahanati wa ukanda huu alifikirie hili. Minyoo ya kichocho cha mkojo haitagi kwenye kibofu tu, kwa wanawake mayai yanaingia mlango wa kizazi, uke, hata mirija, yanakaa humo yanaleta uvimbe na makovu, mtu anapewa dawa za zinaa mwaka mzima mume na mke wanagombana nani kaleta, kumbe ni maji ya bondeni. Daktari akiangalia kwa kifaa anaweza kuona mabaka kama ya mchanga wa njano, na kinyama kikikatwa hapo tunaona yai lenyewe, lina mwiba mwishoni, limezungukwa na seli za kujilinda. Pima mkojo pia, uchukuliwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana ndo mayai yanatoka kwa wingi, lakini mkojo ukiwa safi usikate tamaa, mayai yanaweza kuwa kwenye nyama tu. Dawa ni praziquantel kwa uzito wako, inaua minyoo, makovu ya zamani hayafutiki yote, ndo maana wasichana watibiwe wakiwa bado wadogo. Na damu baada ya tendo lazima mlango wa kizazi uangaliwe kansa vilevile, usikubali kuambiwa ni kichocho tu bila mtu kukuchungulia.

Niko Nachingwea. Vinyama vyetu mnavifanyia nini vikishasomwa? Nasikia vinauzwa nje.

Swali zuri na sio la kijinga. Kibloku cha nta na vioo vinatunzwa miaka mingi kwa faida yako, ugonjwa ukirudi tunalinganisha, na una haki ya kuomba vioo vikasomwe na daktari mwingine. Kinyama kilichobaki kwenye formalini kinateketezwa baada ya muda.

Hofu yenu lakini ina mizizi. Mwaka 1951 huko Baltimore, Marekani, mama mweusi anaitwa Henrietta Lacks alikatwa kinyama cha kansa ya mlango wa kizazi, seli zake zikagoma kufa, zikazalishwa dunia nzima, zikasaidia kupima chanjo ya polio na mengine mengi, watu wakapata pesa, yeye alifariki mwaka huo huo akiwa na miaka 31 na familia haikuambiwa kitu mpaka miaka ya 70. Ulikuwa udhalimu, na mimi nikisoma kinyama cha mtu namkumbuka. Siku hizi hapa Tanzania utafiti unatakiwa kibali cha maadili, NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ndo wanatoa kitaifa, na wewe usaini kukubali. Ukiletewa karatasi siku ya oparesheni uliza hii ni ya matibabu au ya utafiti. Ya utafiti unaweza kukataa na bado ukatibiwa.

Mjukuu wangu hujambo. Mimi bibi wa Mikindani, miaka 61. Wanatangaza twende tukapakwe siki kupima kansa ya mlango wa kizazi. Hedhi ilikata zamani, ila mwezi uliopita niliona damu kidogo nikajua ni uzee tu. Niende?

Sijambo bibi, shikamoo. Ile siki ni nzuri sana kwa wanawake wa miaka 30 hadi 50, seli zilizoanza kubadilika zinageuka nyeupe na mhudumu anaziona hapo hapo. Kwa umri wako ile sehemu inayopimwa imeshaingia ndani, siki inaweza isionyeshe kitu, kwa wakubwa ni bora kuchukuliwa seli kwa brashi zikasomwe, kile kipimo alichokianzisha Mgiriki mmoja George Papanicolaou kule Marekani, au kupimwa HPV, kirusi kinacholeta kansa hiyo. Wajukuu zako wa kike wa miaka 9 hadi 14 wapeleke chanjo ya kirusi hicho, tangu 2024 ni dozi moja tu.

Lakini bibi yangu wewe usisubiri tangazo la siki. Damu ikitoka baada ya hedhi kukata, hata tone, hata mara moja, sio uzee mpaka ipimwe. Mara nyingi inakuwa kitu chepesi, ukuta umekonda au kuna kinyama kidogo kimeota, ila inaweza kuwa kansa ya ukuta wa kizazi na hiyo ikikamatwa mapema inatibika kwa oparesheni. Waambie hivi "nimeona damu na hedhi ilishakata", watakupiga altrasaundi wataangalia unene wa ukuta, na watachukua kinyama. Nenda wiki hii, hospitali ya mkoa Ligula au pale hospitali ya kanda Mitengo, nenda na mtu mzima mmoja wa nyumbani ambaye ataandika namba ya kinyama na kufuatilia majibu, usimwachie mtoto wa shule.